Picha ipo, sauti haipo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kuhamisha kanda za VHS kwenda kwenye kompyuta

Bibi harusi anaingia ukumbini, wapiga matarumbeta wamevimbisha mashavu, akina mama wamefumbua vinywa kwa vigelegele, na spika zako hazitoi hata mkwaruzo. Nimekuwa nikihamisha kanda za harusi, maulidi, ubatizo na mahafali kwa muda mrefu, na malalamiko ya kimya hiki nayasikia kuliko malalamiko mengine yote. Majibu mengi hapa chini yanahusu kompyuta za Windows na OBS Studio, programu ya kurekodia video ambayo ni ya bure na ndiyo wengi wanayo. Mambo ya waya na kanda ni yale yale hata ukitumia programu nyingine.

Picha inaonekana safi kabisa. Kwa nini sauti isije nayo?

Kwa sababu hazisafiri pamoja. Nyuma ya deki pini ya njano ni picha, nyeupe ni sauti ya kushoto, nyekundu ni sauti ya kulia. Zikifika kwenye kile kifaa kidogo cha USB cha kunasia video, kile kinachouzwa kwa jina la EasyCap na majina mengine chungu nzima, picha inashughulikiwa upande wake na sauti upande wake. Windows nayo inaona vifaa viwili: kimoja inakichukulia kama kamera, kingine kama maikrofoni. Halafu programu ya kurekodia inataka uichagulie kimoja kimoja.

Kwa hiyo picha nzuri haithibitishi lolote kuhusu sauti. Itafute sauti peke yake, kana kwamba picha haipo. Na kama deki yako ina tundu la S-Video na umelitumia kwa ajili ya picha bora, umefanya vyema, ila waya ule haubebi sauti hata chembe. Nyeupe na nyekundu lazima ziwepo pembeni yake.

Nianzie wapi kutafuta?

Kwenye deki. Wengi wanaanza kufuta na kusakinisha driva, yaani programu inayoendesha kifaa, wanapoteza jioni nzima, kumbe pini nyeupe imelegea.

Chomoa pini nyeupe na nyekundu kwenye kifaa cha USB uzichomeke kwenye runinga au redio yenye matundu ya AUX. Cheza kanda. Sauti ikitoka, kanda na deki ni nzima, na waya ni mzima. Isipotoka, jaribu kanda nyingine kabla hujailaumu deki.

Kituo cha pili ni Windows yenyewe. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi R, andika mmsys.cpl, kisha Enter. Litafunguka dirisha la sauti. Nenda kichupo cha pili, cha vifaa vya kurekodia. Cheza kanda huku ukitazama vijistari vilivyo pembeni ya jina la kila kifaa. Vikipanda na kushuka kwa kijani, sauti imeshaingia kwenye kompyuta na shida yako iko kwenye programu. Vikitulia, shida iko nyuma yake: waya, kifaa au driva.

Usitarajie kuona jina lililoandikwa kwenye boksi. Mara nyingi kifaa hujiita "USB Audio", "Digital Audio Interface" au jina jingine la ajabu. Dawa ni kuchomoa USB huku unatazama orodha: jina litakalotoweka ndilo lako. Kama halimo kabisa, bofya kulia mahali patupu ndani ya orodha na uruhusu vifaa vilivyozimwa vionekane. Nimekuta vifaa kadhaa vimezimwa humo na mtu aliyetaka maiki ya kamera isimsikilize.

Vijistari vya Windows vinacheza, programu inakitambua kifaa, hakuna ujumbe wowote wa hitilafu, lakini faili ni bubu.

Kagua ruhusa za maikrofoni. Najua utasema hutumii maikrofoni. Windows haijui hivyo. Kwake kila sauti inayoingia kutoka nje ni maiki. Tangu toleo la Windows 10 lililotoka Aprili 2018, ukizima ruhusa ya maikrofoni kwenye mipangilio ya faragha, hata programu za kawaida za kompyuta zinanyimwa sauti. Ubaya wake ni kwamba zinanyimwa kimyakimya. Programu inapokea ukimya, inaurekodi ukimya kwa uaminifu mkubwa, nawe unagundua baada ya saa tatu.

Fungua mipangilio, nenda sehemu ya faragha, kisha "Microphone". Washa ruhusa ya juu kabisa, kisha shuka mpaka chini uwashe na ile inayohusu programu za mezani, yaani "desktop apps". Ile ya chini ndiyo husahauliwa. Funga programu ya kurekodia uifungue upya.

Kwenye OBS nimeongeza kifaa cha kunasa, picha ikaja, lakini mstari wa sauti umelala.

Ulipoongeza chanzo cha video, OBS ilichukua picha tu au ilichukua sauti ya kifaa kisichokuwa chenyewe. Bofya kulia kwenye chanzo hicho, fungua sifa zake, shuka mpaka karibu na mwisho. Utaona kisanduku cha kuchagua kifaa cha sauti kwa mkono, "Use custom audio device". Kiwekee alama, kisha kwenye orodha chagua lile jina la ajabu ulilolipata ulipochomoa USB.

Mimi napenda njia nyingine: naacha chanzo cha video kiwe cha picha tu, kisha naongeza chanzo cha pili, "Audio Input Capture", nakichagulia sauti ya kifaa. Vikiwa viwili naweza kusogeza kimoja mbele au nyuma endapo midomo na maneno vinapishana. Ukifuata njia hii, hakikisha sauti ile ile haiingii mara mbili, maana utasikia mwangwi kama wa mtu anayehutubia ndani ya kisima.

Halafu nenda kwenye mipangilio ya sauti ya OBS uzime maikrofoni ya laptopu. La sivyo utakuta katikati ya hotuba ya baba mzazi wa mwaka 1992 kuna muuza samaki wa leo anapita dirishani.

Nilisikia sauti vizuri kwenye hedifoni muda wote wa kurekodi, faili limetoka bubu. Inawezekanaje?

Hili lilinikuta mimi, kwa kanda ya E-180, yaani dakika 180, na mteja alikuwa anasafiri kesho yake asubuhi. Kwa hiyo nalijua vizuri.

Kwenye mipangilio ya kina ya sauti katika OBS, "Advanced Audio Properties", kila chanzo kina sehemu ya usikilizaji, yenye chaguo tatu. La kwanza linazima usikilizaji. La pili, "Monitor Only (mute output)", linakupa wewe sauti masikioni na kulinyima faili. La tatu, "Monitor and Output", linakupa wewe na kulipa faili. Mtu anayetaka kusikia anachokirekodi hubofya la pili kwa haraka, kwa kuwa ndilo la kwanza analoliona lenye neno la kusikiliza. Weka la tatu.

Kinyume chake nacho kinawatia watu hofu bure: hawasikii chochote wakati wa kurekodi, wanasimamisha kazi. OBS kwa kawaida haikurudishii sauti ya kifaa kwenye spika. Tazama kipimo cha sauti chini ya skrini. Kikiruka kufuatana na matarumbeta, sauti inaingia.

Pembeni ya chaguo hizo kuna visanduku vya namba 1 hadi 6. Hizo ni njia za sauti ndani ya faili. Sauti yako ikiwekwa njia ya 2 pekee wakati programu inarekodi njia ya 1, faili litakuwa na njia tupu. Weka alama kwenye 1 na usahau nyingine.

Tangu siku ile sianzi kanda yoyote bila kurekodi dakika moja, kuifunga, na kuicheza ile dakika kwenye VLC, programu ya kuchezea video.

Badala ya sauti nasikia mvumo mzito usiokatika.

Unaisikiliza picha. Pini inayobeba picha, kwa kawaida ile ya njano, imeingia kwenye tundu la sauti. Kwenye mfumo wa runinga wa PAL picha hubadilika mara 50 kwa sekunde, na mabadiliko hayo yakiingia kwenye spika hutoa mvumo huo.

Kwenye deki kosa ni rahisi kuliona. Kwenye kamera za mkononi ni gumu zaidi, kwa sababu waya wake una pini moja ndogo ya milimita 3.5 upande mmoja na pini tatu za rangi upande wa pili, na watengenezaji hawakukubaliana mpangilio wa ndani. Waya wa kamera moja ukiuweka kwenye kamera nyingine, picha inaweza kutokea kwenye pini nyekundu. Usinunue waya mpya kwanza. Zungusha pini tatu mpaka kila kitu kikae mahali pake, hata kama rangi hazilingani.

Sauti inatoka sikio moja tu.

Huenda deki yako ni ya mono, yaani ya sauti ya njia moja. Ina tundu moja la sauti nyuma, nawe umeliunganisha na upande wa kushoto. Hakuna kilichopotea. Kwenye mipangilio ya kina ya sauti ya OBS weka alama ya "Mono" kwa chanzo hicho, sauti itagawanyika pande zote. Kama umeshamaliza kurekodi, Audacity, programu ya kuhariri sauti, itakufanyia kazi hiyo hiyo.

Kifaa changu cha USB hakina sauti. Naweza kuchomeka pini za sauti kwenye tundu la hedifoni la laptopu?

Inategemea tundu. Kompyuta za mezani zina la bluu, ambalo ni la kuingizia sauti ya deki au redio, na hilo ndilo hasa. La waridi ni la maiki. Limetengenezwa kwa ajili ya mkondo mdogo sana, kwa hiyo sauti ya deki ikiingia humo inapasuka na kukwaruza hata ukishusha kiwango.

Laptopu nyingi za sasa zina tundu moja tu la kazi zote, linalotaka pini yenye migawanyo minne. Waya wa kawaida wa deki una migawanyo mitatu, hivyo laptopu inaona umechomeka hedifoni na haisikilizi chochote. Nunua kiungo cha sauti cha USB chenye tundu lililoandikwa "Line In". Vile vya bei ya chini kabisa vina tundu la maiki tu, tena la mono, na utarudi pale pale.

Kanda ya harusi ina muziki wa taarabu mwanzo mwisho. Hotuba na vigelegele havisikiki. Vilifutwa?

Huenda viko humo humo, na hakuna swali ninalopenda kulijibu kuliko hili.

Kanda ya VHS ina upana wa milimita 12.7, na kuna sehemu mbili za kuhifadhi sauti. Ya kwanza ni mstari mwembamba ukingoni, upana wake kama milimita 1, unaosomwa na hedi (kichwa cha kusomea kanda) isiyozunguka. Deki zote zinausoma. Ya pili ni Hi-Fi, ambayo huandikwa na hedi zinazozunguka, katika eneo lile lile la picha, chini yake. Hii inapatikana kwenye deki na kamera zenye alama ya Hi-Fi pekee.

Wapiga picha wa harusi walikuwa na kitufe cha kuongezea sauti baadaye, "Audio Dub". Kitufe hicho huandika juu ya mstari wa ukingoni tu. Hi-Fi hakiwezi kuigusa bila kuharibu picha. Kwa hiyo kama harusi ilipigwa kwa kamera ya Hi-Fi na kanda uliyonayo ni ile ile iliyotoka kwenye kamera, taarabu iko ukingoni na sauti ya siku yenyewe bado imelala chini ya picha. Chukua deki ya Hi-Fi, tafuta kwenye rimoti kitufe cha "Audio" au "A.Monitor", na ubadilishe chaguo moja baada ya jingine: Hi-Fi, kushoto, kulia, kawaida. Nimewahi kubadilisha hivyo mbele ya mama mmoja akasikia sauti ya marehemu mama yake ikiita watu waje kula. Hakukuwa na haja ya kunilipa kwa kazi ile.

Kama kanda ni nakala iliyohaririwa kutoka deki hadi deki, au kamera ilikuwa ya mono, usijipe matumaini makubwa. Sauti iliyofunikwa ukingoni imekwenda.

Kitufe hicho hicho ni tiba ya ugonjwa mwingine: sauti inayokatika kwa krr-krr kila picha inapotikisika. Hapo hedi zinaikosa njia ya Hi-Fi. Rekebisha kwanza tracking, yaani jinsi hedi zinavyofuata mistari ya kanda, na ikishindikana hamia mstari wa ukingoni. Utapoteza sauti nyembamba za juu, kwa kuwa kanda ya VHS ya PAL hupita kwa milimita 23.39 kwa sekunde, kama nusu ya kasi ya kaseti ya redio, lakini maneno yatasikika bila kukatika.

Deki imetoka Uingereza, nimeiunganisha kwa waya wa antena. Picha safi, sauti hakuna, ni mvumo wa hewa tu.

Kwenye waya wa antena sauti husafirishwa juu ya wimbi lake, umbali maalumu kutoka wimbi la picha. Uingereza walitumia umbali wa megahezi 6.0. Mfumo wa B/G, uliotumika Kenya, Oman na sehemu kubwa ya Ulaya, unatumia 5.5. Runinga au kadi ya runinga ya kompyuta inayotafuta sauti kwenye 5.5 haitaikuta. Ndugu wengi walirudi na deki hizo wakaambiwa na fundi kuwa ni mbovu, maskini. Achana na waya wa antena, tumia pini za rangi. Kama nyuma kuna tundu pana la SCART peke yake, adapta yake huwa na swichi ndogo ya kuingiza na kutoa. Igeuze upande wa pili kabla hujakata tamaa.

Nina kamera ya miniDV, ile ya kanda ndogo za dijitali. Kwa USB napata picha bila sauti.

Kwa kamera nyingi za aina hiyo USB iliwekwa kwa ajili ya picha za mnato na video hafifu ya mtandaoni. Njia yake halisi ni FireWire, ambayo Sony waliiita i.LINK. Humo picha na sauti hupita pamoja kama data, bila pini za rangi.

Kuna mtego mmoja. Faili la DV huhifadhiwa kwa aina mbili. Aina ya 1 inaiacha sauti ndani ya mkondo wa picha. Aina ya 2 inaiwekea mkondo wake. Baadhi ya programu, VirtualDub ikiwa mojawapo, haziioni sauti ya aina ya 1 na zitakuambia faili ni bubu wakati si kweli. Nasa kwa aina ya 2 tangu mwanzo.

Deki yangu ya DVD natumia kifaa cha HDMI kwenda USB. Sauti ipo lakini ni ya mono tena inajitaja kuwa 96 kHz.

Hicho kina chipu ya MS2109, ambayo imejaa kwenye vifaa vya bei nafuu. Inajitambulisha kama mono ya 96 kHz ilhali ndani ni stereo ya 48 kHz iliyosukwa pamoja. Kwa hotuba haina madhara makubwa. Kwa muziki unaoutaka kwa pande mbili, tafuta kifaa kingine.

Kwenye kompyuta sauti ipo. Nimemtumia shangazi kwenye simu, anasema hakuna.

Faili ni zima, simu ndiyo haijui lugha ya sauti iliyomo. Sauti ya AC-3 au PCM inachezwa na VLC bila shida, lakini simu nyingi za Android hazina kisomeo cha AC-3. Fungua faili kwa VLC, angalia taarifa za kodeki, kisha badilisha sauti iwe AAC ndani ya MP4. Picha haihitaji kuguswa. Au mwambie shangazi aweke VLC kwenye simu, ila mimi nimeshajaribu kufundisha hilo kwa njia ya simu na silipendekezi.

Video yote ni bubu na kanda iko mbali sasa. Naweza kuirudisha sauti?

Kama kipimo kilikuwa kimelala wakati wa kurekodi, hakuna kitu ndani ya faili cha kurudisha, na anayekuuzia programu ya kuirudisha anakuuzia hewa. Kanda ikipatikana tena si lazima urudie picha. Rekodi sauti peke yake kwa Audacity kwa 48 kHz, uipange chini ya picha kwenye programu ya uhariri. Tumia mlango unaofungwa au mpigo wa ngoma kuzilinganisha, na kagua tena mwishoni, kwa kuwa deki haichezi kwa kasi ile ile kabisa kila mara.

Kanda nyingine zote zinasikika, hii moja tu haisemi.

Fungua kifuniko cha kanda uitazame ukingoni, bila kuigusa. Kanda iliyowahi kuliwa na deki hukunjika kando, na mstari wa sauti uko kando huko huko, ndiyo maana sauti hufa kabla ya picha. Ijaribu kwenye deki ya Hi-Fi. Ukiona unga mweupe kwenye gurudumu la kanda, huo ni ukungu, jambo la kawaida kwa kanda zilizokaa pwani. Usiicheze. Ukungu utahamia kwenye hedi na kuzichafua kanda zote zitakazofuata. Mpelekee fundi anayesafisha kanda, na umwambie mapema kuwa ina ukungu, asije akaiingiza kwenye deki yake.